Boga na Utando wa Buluu

Port Elizabeth
7 Februari 2010

Kwa shangazi yangu, NyaMsowoya,

Nimepiga magoti kukusalimu, ingawa mwenzangu wa chumbani, Nomathemba, ananitazama akijiuliza nimepoteza nini chini ya kitanda. Habari za Luzi? Mgongo wako unasemaje? Paa la jiko limezibwa, au bado mnapika huku mmeifunika sufuria kwa mwavuli? Mimi niko salama. Upepo wa huku hauna adabu, unawavua watu vilemba mchana kweupe, lakini nimeshauzoea.

Mwambie Temwa viatu vyekundu vinakuja na Bwana Mkandawire, yule dereva wa basi wa Mzuzu. Nilipima kwa ile karatasi uliyochorea mguu wake. Nilipoifungua nilikaa nayo mapajani kitambo. Mguu umekua, shangazi. Bado ananiulizia? Au sasa mama ni wewe? Niambie ukweli, sitalia.

Uliniuliza huku "ninapika" nini hasa. Ni rangi ya buluu. Unga wake ni jamaa wa ule unaotiwa kwenye wino na rangi za ukutani. Tunautia kwenye kijungu kidogo kama kizibo cha soda, ndani ya pipa la chuma lililonyonywa hewa yote, kisha tunaupasha moto mpaka unageuka mvuke. Mvuke unapanda, unatua kwenye kipande cha kioo, na hapo unabaki utando mwembamba mno: tando elfu moja zikibebana ndipo zinakaribia unene wa unywele. Na utando huo unapitisha umeme! Profesa Naudé, mwalimu wangu, anasema siku moja watu watatandaza kitu cha namna hii juu ya plastiki, wakikunje kama mkeka, wakakitandike juani kiwape taa.

Siri yote ni mpangilio. Molekuli za unga huu zina umbo la sahani. Zikijipanga zikitazamana, kama sahani kabatini kwako, umeme unaruka kutoka hii hadi ile. Zikianguka ovyo, umeme unapotea njia. Sasa sikia: utando wangu wa kumi na saba umepitisha umeme mara mia zaidi ya nyingine zote! Profesa, ambaye huwa hasifu hata chakula, alisema, "Towera, huu tutawaonyesha watu mwezi wa Septemba." Nilitembea hadi baharini nikicheka peke yangu kama mwehu.

Hesabu ulinifundisha wewe, kwa punje za maharage, kwenye sakafu ya zahanati. Sijasahau.

Mwanao,
Towera


Kituo cha Afya Luzi, Rumphi
14 Machi 2010

Towera, mtoto wa kaka yangu,

Barua yako imetembea wiki nne na siku mbili, na imefika na doa la chai. Mwambie Bwana Mkandawire bahasha haina kiu. Sisi hatujambo. Mahindi ya upande wa mto yamesimama vizuri, ya upande wa mlima yamekuwa manjano. Mgongo wangu ni ule ule. Siku utakapoacha kuuma nitajua nimekufa. Mjomba wako ameoa tena, na usiniulize.

Viatu vinamtosha. Amelala navyo siku tatu. Mimi ananiita bibi. Mama ni wewe tu. Jirani yetu NyaGondwe alimwuliza, "Mama yako yuko wapi?" Akajibu, "Anapika buluu." Mtaa mzima sasa unajua nina mtoto anayepika buluu.

Na mia hiyo ya umeme, mwanangu! Nimeisoma barua mara mbili kwa sauti mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri. Hawakuelewa, lakini walipiga makofi, na mmoja akasahau kwamba alikuja kwa sababu ya jino.

Sasa habari yenyewe. Surua imefika. Imeanzia ng'ambo ya mlima, Chisimuka, kwa watu wa Kanisa la Kanzu Nyeupe. Unawakumbuka: hawachanji, hawamezi vidonge, mtu akiumwa wanamwombea. Kati ya watoto kumi na watano walioshikwa mwanzo wamezika sita. Nilikwenda na sanduku langu la chanjo. Mzee wao, Yobe, akanisimamisha kabla sijavuka kijito.

"Nesi, sindano ibaki huko huko."

"Na mimi je?"

"Wewe ni binti Msowoya. Wewe vuka."

Nikavuka mikono mitupu. Nyumba ya kwanza nikamkuta mtoto macho yamevimba, hawezi kuutazama mlango. Nikamwuliza mama yake, "Anakula nini?" Sima nyeupe na chumvi, wiki nzima. Kwao mtoto wa surua hapewi mboga wala dagaa, eti vinachochea upele. Mwanangu, surua inapora vitamini A mwilini kama mwizi anayejua sanduku liko wapi. Mtoto asiye na akiba, inaingia mapafuni, inaingia machoni.

Nikamrudia Mzee Yobe. "Baba, kanisa linakataza boga?"

Akafikiri sana. "Boga aliliumba Mungu."

"Na majani yake?"

"Na majani."

"Maini ya mbuzi? Dagaa? Mafuta kidogo?"

"Nesi, umekuja kunipikia au kunisomea mashtaka?"

Tulicheka, Towera, na msiba uko nyumba ya tatu. Tangu hapo kila Jumanne na Ijumaa navuka mlima na kupika huko. Akina mama wanakuja kutazama tu, kisha wanashika mwiko.

Usitembee peke yako ukicheka. Watu watakupeleka hospitali.

Shangazi yako,
Masozi


Port Elizabeth
20 Aprili 2010

Shangazi,

Salamu zangu ziwafikie wote, kuanzia wewe hadi kuku. Huku baridi imeanza kubisha hodi. Mji unajengwa kila kona kwa ajili ya Kombe la Dunia, na uwanja mpya unang'aa kama bakuli jeupe lililofunikwa.

Barua yako nimemsomea Nomathemba nikiifasiri. Nilipofika pale pa "boga aliliumba Mungu" aliinuka akapiga vigelegele. Anasema wewe ungekuwa waziri. Mimi nimesema hapana, mawaziri hawapandi milima. Kwa kweli nakustaajabia. Watu wangapi wangeambiwa "sindano ibaki" wakarudi nyumbani wameudhika, na ingekuwa haki yao? Wewe ukaenda kutafuta mlango wa jikoni.

Nomathemba, ambaye anasomea ufamasia, ana swali: je, chakula kinakiua kirusi cha surua? Na wale waliopona unajuaje ni kwa sababu ya chungu chako?

Utando unaendelea.

Mbusu Temwa shingoni, pale panapomchekesha.

Towera


Luzi
29 Mei 2010

Mwanangu Towera,

Tunakushukuru kwa salamu. Kuku wamezipokea, ila jogoo tumemla. Mavuno ni ya wastani. Simu yangu imetumbukia mtoni nilipokuwa navuka, kwa hiyo usihangaike kupiga.

Mjibu rafiki yako: hapana, chakula hakiui kirusi. Kirusi kinapita njia yake. Chakula kinamshikia mtoto kuta za nyumba, ngozi ya ndani ya koo, ya mapafu, ya macho, zisibomoke kikipita. Kinachozuia kirusi kisiingie kabisa ni chanjo. Na swali lake la pili ni zuri kuliko la kwanza, mpe hongera. Tangu tuanze kupika wameugua arobaini na mmoja na wamekufa wawili. Hesabu inapendeza, lakini si chungu peke yake. Mzee Yobe amekubali matone ya vitamini A. Aliishika ile kapsuli ya matone juani, akauliza, "Hii ni nini?" Nikamwambia ni mafuta yenye kile kilichomo kwenye maini. "Basi ni chakula," akasema, na akafungua mdomo wa mjukuu wake yeye mwenyewe.

Ila nimefanya kosa moja. Siku za mwanzo, ili kuwatia moyo akina mama, niliwaambia, "Boga lina nguvu kuliko surua." Wakaufanya wimbo. Wimbo mzuri, una makofi. Wimbo umevuka mlima umefika huku kwetu, kwa watu ambao siku zote walikuwa wakichanja. Wiki jana siku ya chanjo wamekuja akina mama saba. Huwa wanakuja arobaini. Nikamwuliza mmoja njiani, akaniambia, "Nesi, si umesema mwenyewe? Nimepanda maboga."

Nalishughulikia.

Watoto wote wa nyumbani wanakusalimu. Naandika kwa haraka, gari la wilaya linaondoka.

Masozi


Port Elizabeth
19 Juni 2010

Shangazi,

Samahani sitaanza na habari za hali ya hewa.

"Watoto wote wa nyumbani wanakusalimu." Nyumbani kwako kuna mtoto mmoja. Miaka miwili nimeondoka, na hakuna barua yako hata moja isiyoniambia Temwa kasema nini, kavunja nini, kakataa kula nini. Hii ya mwisho haina jina lake. Nimeisoma nikiishika mbele ya dirisha kama mtu anayetafuta maandishi ya siri yaliyoandikwa kwa maziwa.

Nimepiga simu yako mara kumi na tisa. Nje vuvuzela zinalia tangu asubuhi, watu wananikumbatia barabarani kwa furaha ya mpira, na mimi nahesabu wiki za posta.

Niambie. Na ili usiseme nakudai ukweli nisioutoa, chukua wangu: utando wa kumi na saba umenishinda kuurudia. Tangu Februari nimetengeneza nyingine thelathini na moja. Unga ule ule, kioo kile kile. Zote ovyo. Nimeziandika moja moja kwenye daftari langu, lakini Profesa Naudé sijamwambia. Tayari amewaandikia watu wa mkutano wa Septemba kuhusu kumi na saba. Kila asubuhi ananiuliza, "Mambo?" nami nasema, "Yanaendelea."

Mwanangu ana nini?

Towera


Luzi
8 Julai 2010

Towera, mwanangu,

Temwa yuko hai. Nimeanza na hilo, kisha mengine.

Simu yangu haikutumbukia mtoni. Niliizima nikaiweka chini ya godoro. Nilijua ukinisikia tu utaelewa, maana sauti yangu haijui kudanganya. Kalamu, nimegundua uzeeni, inajua.

Ilikuwa katikati ya Mei. Nilikuwa Chisimuka siku nne mfululizo kwa sababu watoto wa mwisho walikuwa wamezidiwa. Temwa nilimwacha kwa NyaGondwe, kama siku zote. Siku ya kwanza akapata homa na mafua, macho mekundu. Chanjo yake ya miezi tisa alipata, nilimchoma mwenyewe, lakini dozi moja haiwashiki wote. Wapo wachache inayowapita, naye alikuwa mmoja wao. Siku ya tatu akaanza kuhema. Kituo cha afya kiko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwa NyaGondwe. Hakumpeleka. Alimpikia boga.

Niliporudi nilimkuta amempakata, anamlisha kijiko kwa kijiko, anamwimbia. Ule wimbo, Towera. Mbavu za mtoto zinaingia na kutoka kama mvukuto.

Nilipiga kelele. "NyaGondwe, kwa nini hukumleta?"

Aliniangalia kwa mshangao mtupu. "Si wewe umesema boga lina nguvu kuliko surua? Nimempa asubuhi, mchana na jioni. Nimechinja na kuku wangu nimpe maini."

Yule mama alitoa kila alichokuwa nacho, akafuata maneno yangu sawasawa.

Tulimlaza kituoni siku kumi na mbili. Dawa za mapafu, matone leo na kesho yake, maji kwa kijiko. Siku mbili jicho la kulia liliingia ukungu, kisha likasafika. Kama ni matone, kama ni lishe aliyokuwa nayo tangu zamani, sitajidai kujua. Nimeshajidai kujua mara moja na umeona. Mapafu yamepona. Sikio la kushoto lilitoa usaha muda mrefu. Nimelipima kwa saa yangu ya mkononi: la kulia anasikia, la kushoto hasikii. Halitarudi kama lilivyokuwa.

Ni mimi. Si NyaGondwe, si posta, si watu wa Kanzu Nyeupe. Uliniachia mtoto mwenye masikio mawili.

Kuhusu utando wako sina haki ya kukushauri. Nitakueleza tu nilichofanya mimi baada ya hapo. Nilianza kwa mganga mkuu wa wilaya, nikamwandikia kila kitu. Sasa napita kijiji kwa kijiji nikisema niliwaambia vibaya. Wapo wanaonizomea. Jana kwenye mnada wa ng'ombe mwanamume mmoja alisema, "Nesi, mwaka huu boga, mwaka ujao utatuletea tango?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilingoja wamalize, nikaendelea.

Ukija kumchukua nitaelewa.

Masozi


Port Elizabeth
26 Septemba 2010

Shangazi yangu mpendwa,

Nimepiga magoti. Nomathemba safari hii amepiga na yeye, anasema ni kwa heshima ya mwenye barua.

Nilifika salama, siku nne za basi, miguu ikiwa imevimba kama mikate. Nimekaa wiki sita bila kukuandikia, na si kwa hasira. Hasira nilikuja nayo mwezi wa nane. Nilikuwa nimeipakia kuliko nguo. Kutoka Johannesburg hadi mpakani nilikuwa natunga nitakachokuambia, na yalikuwa maneno mabaya, shangazi, mengine sikujua kama ninayo.

Kuna jambo sikukueleza nilipokuwa huko. Unadhani nilifika Luzi saa kumi, uliponikuta nimekaa mlangoni na mabegi. Nilifika saa tano. Basi lilinishusha karibu na uwanja wa shule, siku ya kampeni ya chanjo, na uwanja ulikuwa umejaa. Nikaisikia sauti yako kabla sijakuona. Nikasimama nyuma kabisa, nyuma ya akina mama wenye watoto mgongoni.

Ulikuwa umesimama juu ya benchi la darasani. Umemshika Temwa mkono. Ulisema, "Huyu ni mtoto wa nyumbani kwangu. Mimi ni nesi miaka ishirini na sita. Nilisema neno tamu ambalo halikuwa kweli lote, na neno lile lilimrudia huyu." Kisha ukaiweka saa yako kwenye sikio lake la kushoto mbele ya watu wote ukamwuliza, "Unasikia?" Akatikisa kichwa. Ukaiweka kwenye la kulia. "Unasikia?" Akasema, "Inatembea."

Mtu mmoja mbele akapaza sauti, "Kwa hiyo boga tusile?"

Nawe ukajibu, "Kuleni! Kuleni boga na majani yake, kuleni dagaa, mtoto akiumwa msimnyime. Chakula kinamsaidia mgonjwa asimame. Lakini mlango wa surua unafungwa na chanjo. Nilitakiwa kuwaambia yote mawili siku ile ile. Sikuwaambia. Leo nawaambia."

Karibu yangu alikuwa mama mmoja amemfunga mtoto mgongoni. Aliniuliza, "Dada, wewe umewahi kumwona mkubwa anasema hivi?" Nikasema sijawahi. Akasema, "Mimi pia." Akamshusha mtoto, akaingia foleni. Niliihesabu ile foleni, shangazi. Ilipinda kwenye choo cha walimu, ikazunguka hadi kwenye bomba. Na mwishoni kabisa, wamejitenga hatua kumi kama watu wanaopita tu, niliona kanzu nyeupe nne.

Maneno niliyokuja nayo niliyaacha pale uwanjani. Nikatangulia nyumbani nikakungoja.

Niliporudi huku nilikwenda ofisini kwa Profesa Naudé hata kabla ya kuoga vumbi. Nikamwambia: kumi na saba siwezi kuurudia, nimejaribu mara thelathini na moja, nimekudanganya tangu Februari. Akauliza, "Zile mbovu umeziandika?"

"Zote."

"Nenda kalete daftari."

Akaiondolea vitu meza nzima. Tukakaa siku tatu, mimi na yeye, tukizisoma mbovu moja moja: joto, muda, hali ya hewa, nani alikuwa zamu. Siku ya tatu akaweka kidole kwenye ukurasa wa utando wa kumi na saba, pembeni, nilipokuwa nimeandika kwa penseli, "Umeme dhaifu leo." Akanitazama. Siku ile umeme wa jengo ulikuwa unashuka. Kijungu kilipata moto polepole mno, mvuke ulipanda kidogo kidogo, na mashine ya kupoza kioo haikufanya kazi, kioo kikabaki na uvuguvugu. Molekuli zilipata nafasi. Kila moja ilitua ikajisogeza hadi ikakaa ubavuni mwa mwenzake. Siku nyingine zote mimi nilikuwa nazimwaga kwa haraka kwenye kioo baridi, zinaganda pale pale zilipoanguka.

Tumetengeneza upya, polepole, kioo kikiwa vuguvugu. Tando sita. Zote sita zinapitisha umeme kama kumi na saba, na mmoja unaupita.

Mkutano wa Septemba hatukwenda. Profesa aliwaandikia kwamba taarifa ilikuwa na upungufu, akaweka jina lake kwanza, langu la pili. Nilimwuliza kwa nini anabeba kosa langu. Akasema, "Mimi nilikuwa naona uso wako kila asubuhi na nikaridhika na 'yanaendelea'." Mwaka ujao tutawapelekea tando zote, nzuri na mbovu. Akauliza pia ni nani aliyenifundisha kuandika hata kilichoharibika. Nikamwambia yupo nesi mmoja huko Rumphi, ana daftari la chanjo ambalo halijawahi kufutwa kwa ufutio. Akikosea anapiga mstari mmoja, na kosa linabaki linasomeka.

Towera wako


Luzi
31 Oktoba 2010

Towera,

Barua yako imefika safi, haina hata tone la chai. Bwana Mkandawire ameleta na ujumbe kwamba anaomba radhi. Sisi wazima. Tunangoja mvua, joto linatuchemsha kama mihogo. NyaGondwe anakusalimu, amenunua kuku mwingine na amempa jina la mjomba wako.

Sijui niseme nini kuhusu uwanja wa shule. Kama ningejua uko pale nyuma, ningeteremka kutoka kwenye lile benchi. Ni vizuri ulijificha. Hayo ya tando sita nimemsomea mganga mkuu wa wilaya mwenyewe, alipokuja kukagua. Akasema, "Kumbe kuharakisha kunaharibu hata huko." Nikamwambia aandike hivyo kwenye ripoti yake. Hakuandika.

Chisimuka hawajazika mtoto tangu Agosti. Zile kanzu nne ulizoziona zilikuwa za binti zake Mzee Yobe. Yeye mwenyewe hajakubali, na hajakataza. Nilipomwuliza alisema, "Nesi, mimi macho yangu ni ya kizee, sioni wanaokwenda wala wanaorudi." Lakini nimemwona akiwapa nauli.

Temwa ameanza chekechea. Mwalimu amemketisha upande wa kushoto wa darasa ili sikio zima limwelekee. Nyimbo anaimba vizuri, ila anaimba kwa nguvu mno, nami simkatazi.

Sasa niseme jambo ambalo siku ile mdomo ulikataa kulisema.

Usiku wa kuamkia safari yako nilifunga mfuko wa Temwa. Nguo zake zote, kitambaa anacholalia, kadi yake ya kliniki juu kabisa ili usiitafute mpakani. Niliuweka kando ya mabegi yako. Sikukuuliza, kwa sababu sikuona kama nina haki ya swali. Alfajiri nikaenda jikoni kukuchemshia viazi vya njiani. Nilipogeuka nilikuona kupitia mlangoni. Ulikuwa umechuchumaa. Umeufungua ule mfuko, unatoa nguo moja moja, unaikunja, unairudisha kwenye kabati langu, rafu ya chini, pale pale zinapokaa siku zote. Mpaka soksi. Kadi ya kliniki ukaitundika kwenye msumari. Hukuangalia jikoni.

Niligeukia moto nikayakoroga yale maji ya viazi, ambayo hayahitaji kukorogwa, mpaka ulipomaliza.

Mwanangu, nimepewa vyeti na wilaya, nimepewa hata mbuzi. Nimezalisha wanawake wakawapa watoto wao jina langu. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kama ulichonipa asubuhi ile.

Mtoto yuko kwangu. Namlinda.

Shangazi yako,
Masozi